Malalamiko juu ya Nyonga ya Mama wa Mke Wangu, na Njia Iliyoivunja

Barazani kwa Bwana Ratilal,
Tabora.
Juni, 1949.

Kwa Bwana Shauri,
Bomani, Tabora.

Bwana Mheshimiwa,

Nakuandikia kofia ikiwa mkononi. Mimi ni Hilari, fundi cherehani, mkazi wa Chemchem, na kazi yangu naifanyia katika baraza ya duka la Bwana Ratilal. Kama umewahi kumwona askari wako amevaa kaptula iliyomkaa vizuri nyuma, basi mkono wangu umekwisha kuuona. Sijawahi kushitakiwa. Baiskeli yangu ina kengele na taa kama sheria inavyotaka, na nikiwa njiani hushika kushoto hata pale ambapo kushoto kuna shimo. Nayatanguliza haya ili ujue kwamba anayelalamika si mtu wa fujo. Ni mtu ambaye utii wake kwa Serikali ndio uliomvunja nyonga mama wa mke wake.

Jina la mama huyo sitaliandika. Wewe ni mgeni katika nchi hii, na wakalimani wa Boma wana tabia ya kufupisha mambo, kwa hiyo nitakueleza mwenyewe. Kwetu Unyamwezi mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Si kwa chuki, hasha! Ni kwa heshima, tena hakuna heshima inayoipita hiyo. Hawali pamoja, hawapeani mikono, hawatajani majina, na wakikutana njiani huachiana njia kila mmoja akiwa amegeuza uso. Nimemwoa Katarina miaka ishirini sasa, na uso wa mama yake sijauona. Namjua kwa kikohozi. Namjua kwa visigino vyake vikipotelea kwenye kona ya nyumba, na kwa kapu la karanga analoliacha mlangoni kila mavuno akaenda zake bila kubisha hodi. Mimi nami humshonea gauni kila Krismasi. Sijampima hata mara moja. Hukadiria kwa mshindo wa miguu yake anapopita nje, na Katarina asema gauni humkaa. Mafundi wa Ulaya na wajaribu hilo.

Sasa nayaweka malalamiko yangu kwa utaratibu, moja baada ya jingine, ili asipatikane mtu wa kusema kwamba fundi amechanganya mkono wa shati na kola.

1. Nalalamika juu ya njia. Kutoka kwetu Chemchem kuja mjini iko njia ya mkato ambayo ni kipande cha njia ile ya zamani ya misafara. Wapagazi waliokuwa wakipeleka pembe pwani walipita mmoja nyuma ya mwenzake, na ndiyo maana mpaka leo ni nyembamba kama ukanda. Serikali imetengeneza barabara pana kwa ajili ya malori, nami naishukuru, lakini lori halina mama mkwe. Wenye mama wakwe tumeachiwa ukanda.

Mwezi wa nne, katika mvua za mwisho, nilikuwa nakwenda kazini asubuhi. Yeye alikuwa anakuja kwetu, kapu kichwani. Mtama ulikuwa mrefu pande zote mbili. Kwa kawaida kikohozi chake hunipa habari mapema, lakini siku ile hakukohoa, kwa sababu Katarina alikuwa amempa asali na kifua kikafunguka. Tukakutana kwenye kona, ana kwa ana, isipokuwa kwamba kila mmoja alikuwa amekwisha inamisha macho.

Hapa naomba usome polepole. Tangu enzi za misafara, wakwe wa Unyamwezi wakikutana kila mmoja huruka upande wa mkono wake wa kulia. Wa kulia kwangu, wa kulia kwake, wanapishana salama, na hapajatokea ajali. Mimi, kwa sababu mmetufundisha kushika kushoto na mkaliandika hilo kwenye vibao, nikaruka kushoto. Mama, ambaye hakuna aliyemfundisha lolote, akaruka kulia kwake. Bwana Shauri, simama na karani wako mwelekeane mjaribu. Tuliangukia majani yale yale! Kwa aibu tukaruka wote wawili kurudi upande wa pili, kwa wakati mmoja. Mara ya tatu mimi nilisimama kabisa, nikafumba macho nikamwachia Mungu. Yeye hakusimama. Aliruka, na alikorukia kulikuwa na mfereji.

Mwanamke ambaye wajukuu wake wananyoa ndevu hakuumbwa kuruka mifereji. Niliusikia mfupa. Sitaki kuueleza mlio wake.

2. Nalalamika juu ya uhaba wa watu wasio wakwe. Mama yuko mfereji­ni, amelala kwa ubavu, anaugua. Mimi siwezi kumshika, wala kumtazama, na kumwacha pia siwezi. Nikampa mgongo nikapiga kelele za kuita watu. Akatokea Damas, mrina asali, mtu mwenye nguvu. Nikafurahi. Lakini Damas amemwoa binti wa dada yake mama, kwa hiyo kwake naye ni mama mkwe vilevile. Alipoona ni nani, akageuka akatazama mashariki. Akaja Anselm, fundi wa baiskeli. Huyu alikuwa amepeleka posa wiki ile ile kwa binti mwingine wa ukoo huo huo, na posa ilikuwa imepokelewa. Akasimama akafikiri kidogo, kisha akageuka akatazama kaskazini. Basi tukawa wanaume watatu wenye afya, tumesimama kama vigingi vya hema, kila mmoja ameelekea upande wake, na katikati yetu mama mzee amevunjika anatuamrisha tufanye jambo.

Aliyetuokoa ni Mmoraviani mmoja kutoka misheni ya Sikonge, jina lake Elieza, aliyekuwa anasukuma baiskeli yenye gunia la vitunguu. Alituuliza kwa nini tunatazama miti. Tulipomweleza alicheka, jambo ambalo nimemsamehe. Akashuka mfereji­ni, akamfunga mama miguu pamoja kwa mpira wa baiskeli, akatengeneza machila kwa blanketi lake na mti, kama walivyochukuliwa wagonjwa wa safari zamani. Yeye ilimlazimu kutembea ubavuni ili aushike mguu usicheze, kwa hiyo mti ule ilibidi uchukuliwe na sisi. Ndipo ulipozuka ugomvi. Anayeshika mti mbele hamwoni mgonjwa. Anayeshika nyuma anamwona njia nzima. Wote watatu tukataka mbele.

Nilishindwa mimi, kwa kuwa mimi ndiye mkwe mkubwa, na nyuma ndiko kwenye uzito. Basi nilishika mti nyuma, nimeipa machila mgongo, nikatembea kinyumenyume kutoka mfereji­ni mpaka hospitali. Babu yangu alibeba pembe mpaka Bagamoyo, na hakuna anayesema alikwenda kinyumenyume. Tulipopita mbele ya duka, Mama Jasoda, mke wa Bwana Ratilal, alitoka akaniambia, “Fundi, kazi iko huku.”

3. Nalalamika juu ya kibao cha kitandani. Karani wa hospitali alitaka jina la mgonjwa. Mimi siwezi kulitaja. Damas hawezi. Anselm alisema posa yake bado changa na asingependa kuiharibu. Elieza hakulijua. Mama mwenyewe alikuwa amezimia kwa maumivu. Karani akakasirika, akaandika MAMA MKWE kwenye kibao kwa herufi kubwa, nacho kikatundikwa kwenye kitanda. Katarina alipofika akalitaja jina, karani alimjibu kwamba wino umekwisha kauka.

Matokeo yake umeyasikia bila shaka. Kila mwanamume wa Kinyamwezi anayekuja kumtazama mgonjwa wake katika chumba kile husoma kibao, hugeuka na kutoka mbio. Wako wagonjwa hawajaonana na waume zao tangu mwezi wa nne.

4. Kuhusu daktari sina neno. Alieleza kwamba lililovunjika ni fupa la paja pale linapoingia nyongani, na kwamba ni ajali ya wazee, maana mifupa yao imekauka. Mguu ukafungwa kamba, kamba ikapitishwa juu ya gurudumu dogo, na mwishoni mwake ukaning'inizwa mfuko wa mchanga, ili mguu uvutwe na mfupa ujikute mahali pake. Niliambiwa haya nikiwa nje ya dirisha, nimeelekea ukutani, ambapo ndipo mahali pangu. Wiki zikapita. Mwezi huu mfuko ukaondolewa, tukashangilia.

Nalalamikia lililofuata. Muuguzi wa chumba kile, Sista Eustadia, alituita mimi na Katarina akatuambia waziwazi: mzee akivunjika nyonga, nyonga siyo inayomwua. Kinachomwua ni kulala. Kifua hujaa, mgongo huchubuka, mwisho moyo wenyewe hukata tamaa. Ni lazima asimamishwe kila siku atembezwe, na hospitali haina mikono ya kutosha, basi jamaa waje. Katarina alijaribu. Mke wangu ni mtu unayeweza kumkunja ukamtia kapuni, na mama yake ni mtu wa kimo na kifua. Walianguka wote wawili kitandani na Katarina akawa chini. Hana kaka, hana dada, baba yake alikwisha kufa, na wana wetu wako pwani kwenye mashamba ya mkonge. Sista akaniangalia mabega, kisha akasema, “Na huyu wa dirishani ni wa nini?”

5. Hapa ndipo Serikali iliponinyang'anya mali yangu. Mimi sikukataa, naomba iandikwe hivyo. Nilikwenda nyumbani, nikakata kitambaa cheupe cha marekani, upana wa kitanda, urefu toka juu ya kichwa changu mpaka chini. Nikakifungia mti kwa juu ili kisimame, na usawa wa kifua nikatia mikono miwili mirefu, iliyofungwa kwa vifungo kwenye kiwiko na kiganja. Yaani pazia lenye mikono. Mimi nikisimama nyuma naweza kumshika mama kwapani na kumtembeza, nisimwone, asinione, wala ngozi isiguse ngozi. Nimeshona kanzu za makadhi na majoho ya mapadri, lakini kazi hiyo ndiyo ninayojivunia.

Nayo ilifaa! Siku ya kwanza mama alisimama. Nilimsikia akivuta pumzi upande wa pili wa kitambaa, akasogeza mguu, akasogeza mwingine. Tulikuwa tunakaribia meza alipoamka mgonjwa wa kitanda cha jirani, Bibi Kuluthumu, aliyekuwa na homa iliyowashinda madaktari. Akaona kitu cheupe, kirefu, hakina kichwa, kina mikono, kinampeleka mwenzake mlangoni. Bibi Kuluthumu alitoa shahada kwa sauti kubwa, akaruka dirisha, akaenda kwao Isevya kwa miguu. Hajarudi. Nasikia amepona kabisa, lakini hakuna aliyenishukuru.

Badala yake pazia langu lilichukuliwa na wakubwa wa hospitali. Naambiwa sasa limetandikwa juu ya meza ya ofisi yao, na mikono inaning'inia pande zote mbili.

6. Tangu siku hiyo mama hakuinuliwa tena. Sista huja na mwenzake wakipata nafasi, na nafasi hawapati. Mama naye amekuwa mkaidi, asema hataki kuangushwa na wageni. Analala. Kikohozi chake, ambacho nakijua kuliko wimbo wowote wa kanisani, kimebadilika. Kimekuwa kizito, kinatoka chini. Nasimama dirishani kila jioni nakisikiliza. Bwana Shauri, nasema bila kupinda maneno kwamba naogopa. Nilipokwenda kumposa Katarina, wajomba zake walisema fundi cherehani asiye na ng'ombe ataolewa na cherehani yake. Mama yule alikuwa ndani, nyuma ya ukuta. Alikohoa mara moja tu, kwa nguvu. Wajomba wakasema posa imekubaliwa. Mke wangu nilipewa na kikohozi, na sasa nakisikia kinakwisha.

Kabla ya kukusumbua nilikwenda kwa wengine. Padre nilimwomba asimamishe ndoa yangu mpaka mfupa ushike, ili katika muda huo mama asiwe mkwe bali awe mgonjwa kama wagonjwa wengine. Akasema ndoa si shati la kufumuliwa na kushonwa tena. Nilimjibu kwamba shati lililoshonwa vizuri nalo halifumuliki ovyo, tukaachana kwa amani. Penye wazee haliharibiki jambo, nikaenda kwa Mzee Raymundi, mkubwa wa ukoo wao. Alisema mbuzi mmoja huwafungulia wakwe salamu, na mbuzi wawili huwafungulia kula pamoja. Nikamwuliza juu ya kushikana kiuno. Akafikiri sana, akatikisa kichwa, akasema kwa kiuno hakuna mnyama.

Basi imebaki Serikali. Naomba yafuatayo:

Kwanza, itungwe sheria inayosema wazi kwamba amri ya kushika kushoto ni ya magari na baiskeli, haihusu wakwe.

Pili, njia zote za zamani za misafara zichongwe njia ya pili sambamba, moja ya wakwe waume na moja ya mama wakwe, na katikati upandwe ua wa minyaa.

Tatu, kwa kuwa kazi hiyo itachelewa, kila mama mkwe apewe kengele kama ya baiskeli. Asiyeweza kuibeba akohoe. Asali izuiliwe kuuzwa kwa wanawake wenye mabinti walioolewa.

Nne, ateuliwe Mkaguzi wa Wakwe, mwenye kofia na filimbi, naye awe mtu asiye na ndugu katika jimbo hili lote. Nampendekeza Elieza wa Sikonge.

Tano, zitengwe siku. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa njia ziwe za wakwe waume. Siku nyingine za mama wakwe. Nimelifikiria tatizo la siku ya Jumapili kanisani, na nadhani nusu yetu tungeweza kuwa Wamoraviani.

Sita, ikiwa hayo yote hayatoshi, basi watenganishwe kwa miji. Wakwe waume tubaki Tabora, mama wakwe wapelekwe Bukene, ambako ni kuzuri na treni hufika. Karanga zao zitakuja kwa behewa na magauni yatakwenda kwa behewa. Najua utaniuliza habari za mama mkwe ambaye mumewe naye ana mama mkwe aliye hai. Hao wakae ndani ya treni.

Saba, na hili ndilo la haraka: nipewe hati yenye muhuri wa Boma, inayosema kwamba mimi Hilari nimesimamishwa ukwe mpaka mama atembee, au nirudishiwe pazia langu. Moja kati ya hayo mawili, na iwe wiki hii. Kawia ufike ni methali nzuri kwa msafiri, kwa mtu aliyelala chali haifai.

Nisalimie karani wako mkuu, umwambie suruali yake iko tayari na kwamba tumbo limeongezeka. Wasalimie askari wa lango na mke wa askari wa lango. Msalimie mkalimani, ingawa hanipendi. Salamu kwa wote walioko Bomani, wakubwa kwa wadogo, walio na mama wakwe na waliofiwa nao.

Nami nabaki chini ya amri yako, mtii hata pale utii ulipovunja mfupa,

Hilari, Fundi.

Nyongeza: Bwana Shauri, barua hii nilikuwa nimekwisha ifunga, lakini nilipoileta nikakuta Boma limefungwa kwa sikukuu ya Mfalme, na baada yake kukawa na Jumapili. Katika kungoja huko mambo yametokea. Naomba yote niliyoandika hapo juu uyafute, kuanzia njia mpaka Bukene.

Siku ya sikukuu nilisimama dirishani kama kawaida, mgongo kwake. Katarina alikuwa bado sokoni, Sista yuko chumba kingine. Nikasikia sauti ikisema, “Fundi.” Miaka ishirini hajawahi kuniita. Nikadhani ni homa yangu mwenyewe. Akarudia, “Fundi, uko hapo?”

Nikaujibu ukuta, “Niko, mama. Shikamoo.”

“Marahaba. Nimechoka na dari hii. Njoo uniinue.”

Nikamwambia pazia limechukuliwa. Akasema, “Pazia la nini? Mimi nina macho mawili, nayafumba. Wewe nawe fumba yako.”

Bwana Shauri, wewe ungefanyaje? Niliingia nikipapasa ukuta, macho nimeyafumba mpaka yanauma. Nikaukuta mkono wake. Akanishika shingoni, nikamshika kiuno ambacho hakina mnyama, nikamsimamisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa uzito ule wa kwenye machila, nikakaza miguu, lakini nusura nimrushe juu. Kitanda kile kimemla. Alikuwa mwepesi kama Katarina. Nililia palepale, machozi yakapita chini ya kope zilizofumbwa, na kwa kuwa macho yalikuwa yamefumbwa nadhani si kosa.

Tukaenda hivyo, vipofu wawili. Tukagonga meza, tukagonga kitanda cha mtu, akatutukana. Nikaona tutavunja nyonga ya pili, basi ilibidi mmoja wetu afumbue. Nikafumbua mimi. Nilipofumbua nikakuta yeye alikwisha fumbua zamani, ananitazama tu. Sitakueleza uso wake ulivyo, ni mambo ya nyumbani. Alisema, “Kumbe ndiye wewe,” kisha akaniambia nisimame wima, natembea kama mtu aliyebeba jeneza.

Tulifika barazani. Jana tulizunguka jengo zima, tukakaa kwenye ngazi tukamenya karanga. Ameketi vizuri na kikohozi kinalainika. Sista anajua, na ameapa kutosema.

Limebaki jambo moja, na kwa ajili ya hilo tu naileta barua. Katarina hajui. Mama anasema binti yake akisikia kwamba tumeshikana atakufa kwa aibu yeye kabla ya wote. Basi Katarina akikaribia, mama hujilaza upesi na kujifunika mpaka kidevuni, nami hutoka nje nikaelekea ukutani. Katarina humkuta vilevile kila jioni. Tukirudi nyumbani hulia njia nzima, nami natembea mbele yake mdomo nimeufunga. Jana usiku aliniuliza, mimi fundi, kama nina kitambaa cheupe cha kutosha mtu mrefu.

Nakuomba, Bwana Shauri, leo hii mtume tarishi wa Boma, aliyevaa sare ili aaminiwe, aende Chemchem amwambie Katarina kwamba mama yake anatembea. Akiulizwa ameshikwa na nani, aseme ameshika ukuta.